Kitufe cha kuitia lifti
Kitufe cha kuitia lifti ni swichi yenye taa, inayofungwa ukutani kando ya mlango wa lifti. Kidole kikibonyeza, swichi hufunga sakiti kwa muda mfupi tu, kisha springi hukirudisha kitufe. Kwa kawaida taa haiwashwi na kidole moja kwa moja: mtambo wa kudhibiti lifti hupokea wito, huuhifadhi, ndipo huwasha LED hadi lifti ifike. Kubonyeza tena hakuharakishi kitu. Katika miaka ya 1950 kampuni ya Otis ya Marekani ilitumia vitufe vya kugusa visivyo na springi; mguso uliwasha gesi ndani ya mrija wa kioo, na mrija huohuo, ukiendelea kuwaka, ndio ulioshikilia wito.