Miswada Isiyoagizwa: Kutoka Mambo Leo hadi Mwalo wa Katonga

Katonga ni mwalo wa dagaa nje kidogo ya mji wa Kigoma. Wavuvi wake hufuata giza: usiku usio na mwezi huwasha taa ziwani, na dagaa wakaufuata mwanga. Mwezi ukipevuka, vyombo hupandishwa ufukoni, na kazi inayobaki ni kushona nyavu na kusubiri. Katika siku hizo za mbalamwezi, kijana mmoja wa hapo huandika. Nilipopita Katonga aliniamkia, kisha akanikabidhi daftari. "Mwalimu, nasikia wewe ni mtu wa vitabu. Nisomee hii."

Ndani yake mlikuwa na michezo tisa aliyoitungia kipindi cha vichekesho kinachorushwa na kituo kimoja cha Dar es Salaam. Hakuna aliyemwomba aiandike. Wahusika aliwakuta katika kipindi, akawatungia visa vipya. Nakala mbili alikwisha kuzituma kwa basi, na jibu hakulipata.

Mchezo ulionikaa moyoni ni huu. Tapeli wa mjini, mhusika mkuu wa kipindi, anateremka kwenye treni Kigoma, mwisho wa reli, akijifanya ofisa wa uvuvi. Anafika Katonga kukusanya faini. Kina mama wanaoanika dagaa wanampa kiti, kisha mmoja anamuuliza kwa upole: kijiji chenu ni kipi, babu yako alizikwa wapi, mtendaji wa kata yenu anaitwa nani, hebu tuone kitambulisho. Hana. Kadiri anavyojieleza kwa Kiswahili cha Kariakoo ndivyo anavyozidi kutiliwa shaka. Wakazi wengi wa Kigoma wanayajua maswali hayo, kwa sababu wameulizwa wao, na watu waliosikia lafudhi yao wakadhani wamevuka mpaka. Safari hii wao ndio wanaouliza.

Kwa nini mchezo kama huo hauna mlango wa kuingilia? Jibu jepesi ni kwamba Katonga iko mbali. Lakini umbali huo uliwahi kushindwa, tena kwa barua.

Gazeti la Mambo Leo lilianza mwaka 1923, likiwa mali ya serikali ya kikoloni. Kwa miongo kadhaa kurasa zake za ushairi zililishwa na wasomaji wenyewe: makarani, walimu, watu wa kawaida wa bara na pwani. Walituma mashairi bila kuagizwa. Shaaban Robert, karani wa forodha, alikuwa miongoni mwao. Mmoja aliuliza fumbo, mwingine akalifumbua kwa vina vilevile. Mmoja alishambulia, mwingine akajibu. Huko nako ilikuwa ni kuandikia jambo lililokwisha kuwapo, lenye umbo lake, mada zake na watu wake, na mwandishi mgeni alipaswa kuonyesha kwamba anaimudu sauti ya wenyeji kabla ya kuleta yake.

Tena kanuni za mchezo huo ziliandikwa na mwana wa Ujiji. Sheikh Kaluta Amri Abedi, aliyezaliwa Ujiji mwaka 1924, alitoa mwaka 1954 kitabu chake Sheria za Kutunga Mashairi na Diwani ya Amri. Wengi wetu tunamkumbuka kwa siasa: Meya wa kwanza Mwafrika wa Dar es Salaam, kisha Waziri wa Sheria, mtu ambaye uwanja wa michezo wa Arusha una jina lake. Mimi namkumbuka kwa jambo dogo zaidi. Mtunzi aliyekuwa mbali na wakubwa wa fani aliweza sasa kujua, kwa bei ya kitabu, shairi lake litapimwa kwa kipimo gani.

Kwa hiyo desturi ile ilisimama juu ya mambo matatu: anwani iliyojulikana, kanuni zilizo wazi, na jibu la hadharani. Shairi lilichapishwa au halikuchapishwa, na kila msomaji aliweza kujifunza kutokana na yaliyochapishwa.

Televisheni yetu haikuurithi ukoo huo. Ilipoanza Tanzania Bara mwaka 1994, kupitia vituo binafsi, ilikuta vichekesho vikistawi kwingine: katika kumbi ambako vikundi kama Muungano na TOT vilichanganya ngoma, muziki, maigizo na vichekesho katika onyesho moja. Huko mchezo haukuandikwa. Kiongozi alitoa kisa, waigizaji wakajaza maneno wakiwa jukwaani, na kicheko cha watazamaji kikaamua kipi kibaki na kipi kitupwe. Kaole ilipotamba ITV, na baadaye Ze Comedy ilipoanza EATV kisha wasanii wake wakahamia TBC kwa jina la Orijino Komedi, umahiri uliotutia mbavuni ulikuwa uleule wa kikundi: watu wanaojuana, wanaorushiana maneno kama mpira. Mwigizaji ndiye mtunzi. Ukipeleka daftari kwenye nyumba kama hiyo, huenda hakuna anayekudharau. Hakuna tu mtu ambaye kazi yake ni kusoma.

Waliojua kusoma na kuandika michezo walikuwa nyumba nyingine. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilitulelea waandishi wa tamthilia, na Kinjeketile ya Ebrahim Hussein, iliyotoka mwaka 1969, bado ni kielelezo. Lakini tamthilia iliyoandikwa ilikwenda darasani na kwenye mtihani, na ile isiyoandikwa ikaenda kwenye televisheni. Nyumba hizi mbili zilikutana mara chache mno, na sisi wahadhiri tuna sehemu yetu ya lawama.

Kwingineko mlango ulijengwa kwa makusudi. Nchini Marekani, kwa miaka mingi, kijana aliyetaka kazi ya kuandika vichekesho alitunga mchezo wa kipindi kinachopendwa, akijua kwamba karibu hautanunuliwa kamwe. Ulikuwa cheti chake, ushahidi kwamba anaweza kuvaa sauti ya mwingine. Uingereza, kipindi cha redio cha BBC kilichoitwa Week Ending, kilichodumu kuanzia 1970 hadi 1998, kilipokea vichekesho kutoka kwa watu wasio na mkataba wowote. Naye mwigizaji Ronnie Barker, mwishoni mwa miaka ya 1960, alikipelekea kipindi alichokuwa akiigiza mwenyewe maandishi yake kwa jina la uongo, Gerald Wiley, ili yapimwe kwa ubora wake wala si kwa umaarufu wa aliyeyaandika. Yalikubaliwa. Barker aliweza kujificha kwa sababu palikuwa na mtu wa kusoma.

Nilimweleza kijana upande wa sheria pia. Sheria yetu ya Hakimiliki ya mwaka 1999 inalinda maandishi yake, hailindi wazo tupu; na wahusika aliowaazima wana wenyewe. Kwa hiyo atunze nakala yenye tarehe, na mchezo wa kumi autunge kwa wahusika wake mwenyewe, kina mama wale wa dagaa, ambao hakuna wa kumdai.

Kwa wasomaji wangu walio katika utumishi wa umma na katika vyombo vya habari, ombi langu ni dogo. Kituo kinachoendeshwa kwa kodi zetu kinaweza kutangaza mwezi mmoja kwa mwaka wa kupokea miswada, ukurasa mmoja wa kanuni, na jibu kwa kila aliyetuma, hata likiwa la mstari mmoja. Wanafunzi wetu wa sanaa za maonyesho wanaweza kuwa wasomaji wa kwanza. Taifa linaloandikiwa vichekesho na mji mmoja litaendelea kuwacheka watu wa mikoani bila kusikia wao wanacheka nini.

Daftari nililisoma lote na kulirudisha likiwa na maoni yangu pembeni, kwa kalamu nyekundu, kama nifanyavyo kwa wanafunzi. Alinishukuru, akauliza maswali mawili kuhusu mchezo wa tatu, kisha akaniomba radhi. Giza lilikuwa limerudi, na wenzake walikuwa tayari kwenye mtumbwi wakimsubiri.