Waliorudi Kwao, na Nyoyo Zao Zikabaki Huku

Katika siku za jubilei ni desturi yetu kuwahesabu wale waliokuja. Twataja majina yao na miaka waliyofika, twaonyesha makaburi yao, tena twawasifu kwa kuwa waliacha baba na mama na nchi ya kuzaliwa. Sisi wa Nyasubi tumefanya hivyo mara nyingi, wala si vibaya. Lakini liko jambo moja lisilotajwa sana, nalo ni taabu waliyoipata siku ile walipoitwa kurudi kwao. Kuja kulikuwa na taabu ya njia na homa. Kurudi kulikuwa na taabu ya namna nyingine: mtu alifika mlangoni pa nyumba ya baba yake akajiona mgeni. Livingstone alipofika Uingereza mwezi wa Desemba mwaka 1856, baada ya kukaa Afrika miaka 16, hata lugha ya mama yake ilikuwa ikimtatiza kinywani.

Basi, tuanze karibu na kwetu, kusini ya Ziwa Nyanza. Kabla haijaanzishwa misioni ya Ushirombo mwaka 1891, palikuwa na vituo viwili vya Wazungu huko ziwani: Bukumbi ya Mapadre Weupe, na Usambiro ya Waprotestanti wa Uingereza. Katika Uganda watu hawa walikuwa wakishindana sana, na tusifiche jambo hilo, kwa kuwa wanafunzi wao nao waliujifunza ushindani ule. Lakini Oktoba mwaka 1888 wote walifukuzwa Buganda, wakapakiwa pamoja katika mashua moja. Njiani kiboko akaipiga mashua, ikazama, na wengine katika vijana waliokuwamo wakafa maji. Waliosalia wakafika Bukumbi, na mapadre wakawapokea wale Waingereza wawili, Gordon na Walker, kama ndugu, kisha hao wakaendelea mpaka Usambiro.

Huko Usambiro alikuwako Bwana Alexander Mackay, mtu wa Scotland, fundi wa mitambo. Aliondoka kwao mwezi wa Aprili mwaka 1876, akiwa na umri wa miaka 26, naye hakurudi hata mara moja. Mwezi wa Agosti mwaka 1889 akapita Stanley na msafara wake, akielekea pwani, wakakaa kwa Mackay siku ishirini hivi. Njia ilikuwa wazi, na wenzi wa safari walikuwa tayari. Mackay akawaona wanaondoka, akarudi kwenye kazi yake ya kuunda mashua na kupiga chapa Maandiko kwa Kiganda. Wakubwa wake wa London nao walimwandikia aje apumzike. Akajibu, mwanzoni mwa mwaka 1890, kwamba huu si wakati wa mtu kuacha mahali pake. Walete kwanza watu ishirini, ndipo yeye atafikiri kuja kuwasaidia kutafuta ishirini wengine. Tarehe 8 Februari mwaka huo akafa kwa homa.

Katika msafara ule wa Stanley alikuwamo mtu mwingine wa kuangaliwa, naye ni Emin Pasha, Mjerumani, daktari, aliyekuwa liwali wa nchi za juu za mto Nile. Stanley alimchukua ili amrejeshe Ulaya. Walipofika Bagamoyo mwezi wa Desemba mwaka 1889 wakafanyiwa karamu, na usiku ule ule Emin akaanguka dirishani akaumia kichwa. Alipopona hakupanda meli. Mwezi wa Aprili mwaka 1890 akageuza uso, akarudi bara, na mwisho wa mwaka akajenga boma la Bukoba. Twamtaja ili msomaji asidhani kwamba kila apendaye nchi ngeni anaipenda kwa moyo wa Injili. Emin alirudi akiwa chini ya bendera ya Wajerumani, na wenyeji hawakuulizwa kama wanamtaka.

Sasa twafika kwa Askofu Léon Livinhac, Mfaransa, ambaye habari zake zinatugusa zaidi. Alifika Uganda mwaka 1879, akahamia kusini ya ziwa mapadre walipoondoka huko mwaka 1882. Akaitwa kaskazini, na Kardinali Lavigerie akamwekea mikono kuwa askofu tarehe 14 Septemba mwaka 1884. Padre mwingine angalipumzika. Lakini mwaka uliofuata, 1885, ikatoka Paris sarufi ya Kiganda iliyotungwa naye, wala jina lake halikuandikwa juu yake. Mtu alikuwa Ulaya, na masikio yake yalikuwa yakisikiliza maneno ya Nyanza. Kisha akarudi huku.

Mara ya pili hakurudi. Mwaka 1889 alichaguliwa kuwa mkuu wa shirika lote, na makao ya mkuu yalikuwa karibu na mji wa Algiers. Tarehe 25 Mei mwaka 1890, hapo Bukumbi, akamwekea mikono Padre Hirth awe askofu mahali pake. Siku 13 kabla ya hapo Padre Lourdel, yule Mapera wa Waganda, mwenzake wa safari ya kwanza, alikuwa amekufa huko Rubaga. Livinhac akashika njia ya pwani, na pamoja naye vijana wa Uganda. Mwezi wa Septemba walisimama mbele ya watu wa Paris, katika mkutano wa kupinga biashara ya utumwa. Akakaa katika kazi ile ya ukuu mpaka kufa kwake, tarehe 11 Novemba mwaka 1922. Hiyo ni miaka 32, nayo inapita sana miaka yote aliyokaa kwenye ziwa. Hata hivyo, mwaka 1894, katikati ya barua na hesabu za shirika zima, ikatoka tena sarufi ya Kiganda, yake yeye na Padre Denoit, safari hii pamoja na hadithi za wenyeji. Mkuu wa shirika hana haja ya hadithi za sungura. Kwa maoni yetu, kitabu kile ndicho dirisha alilolifungua ili aione nchi yake.

Mambo haya hayakuanza Nyanza. Pwani yaliwapata wale wa kwanza, Krapf na Rebmann, wote wawili Wajerumani wa Württemberg. Rebmann alikaa Rabai, karibu na Mombasa, tangu mwaka 1846 mpaka 1875, miaka 29 bila kwenda kwao. Alipoondolewa alikuwa kipofu. Aliyemshika mkono katika safari ile alikuwa Isaac Nyondo, Mkristo wa Rabai, hata akamfikisha Ulaya. Kisha Nyondo akarudi kwao. Basi Rebmann akaingia katika nchi yake ya kuzaliwa asiweze kuiona, akafa Korntal mwezi wa Oktoba mwaka 1876.

Korntal ndipo alipokuwa akikaa Krapf. Huyu alifika Mombasa mwaka 1844, na kwa muda wa miezi michache akamzika mkewe Rosine na mtoto wao mchanga. Maradhi yakamrudisha kwao mwaka 1853. Akajaribu kuja tena kwa njia ya Uhabeshi, mwili ukamshinda. Mwaka 1862 akaja kuwaonyesha njia Wamethodisti waliokwenda Ribe, akarudishwa tena na ugonjwa. Rafiki yake alipokufa, Krapf akatengeneza maandiko yake, akayatoa mwaka 1877: kamusi ya Kinyasa, maneno ambayo Rebmann aliyapata kwa mtumwa mmoja, jina lake Salimini. Naye mwenyewe, katika mji ule wa baridi, mbali na kila mtu ambaye angeweza kumjibu, akaendelea kupanga maneno ya Kiswahili, moja moja, pamoja na mifano ya watu wa Mombasa aliyoisikia zamani. Alikutwa amekufa amepiga magoti kando ya kitanda, mwezi wa Novemba mwaka 1881. Kamusi yake ikatoka London mwaka 1882.