Kivinjari kikisema muunganisho si salama, anza kwa kutazama saa

Unawasha kompyuta, unaandika anwani ya benki yako au ya barua pepe, na badala ya ukurasa uliouzoea unakuta pembetatu nyekundu na maneno yanayokuonya kuwa muunganisho wako si wa faragha. Wasikilizaji wanaotuandikia kuhusu onyo hilo mara nyingi huuliza jambo moja tu: namna ya kuliondoa. Swali hilo halitoshi, kwa sababu ukurasa huohuo mwekundu huletwa na mambo yasiyofanana hata kidogo. Pengine ni kibetri kilichokufa ndani ya kompyuta. Pengine ni mtu anayejaribu kusoma nywila yako.

Kivinjari kinakagua nini

Tovuti inayotumia muunganisho uliofichwa, yaani ile ambayo anwani yake huanza na https, huwa na cheti cha dijitali. Kabla ya kukuonyesha ukurasa, kivinjari hukikagua cheti hicho kwa maswali matatu. Je, kimetolewa kwa jina la tovuti hii? Je, kimesainiwa na mamlaka iliyomo kwenye orodha ya zinazoaminika? Na je, tarehe ya leo imo kati ya siku kilipoanza kutumika na siku kinapokwisha?

Jibu la swali la tatu hutoka kwenye saa ya kompyuta yenyewe. Vyeti vya siku hizi havidumu. Vile vinavyotolewa bure na Let's Encrypt, ambavyo tovuti nyingi sana huvitumia, kwa kawaida vimekuwa vya siku 90. Kompyuta inayodhani leo ni Januari 2015 itaona cheti kilichotolewa mwezi uliopita kama kitu ambacho bado hakijazaliwa, na itakikataa.

Ndiyo maana tunashauri uanze na saa. Tazama tarehe, mwezi na hasa mwaka kwenye kona ya skrini. Tazama pia saa za eneo: Nairobi, Dar es Salaam na Kampala ziko saa tatu mbele ya saa za kimataifa, lakini kompyuta nyingi zilizotumika ng'ambo hufika zikiwa bado na saa za huko. Halafu kuna kosa ambalo ni letu Waswahili: saa mbili asubuhi kwa kompyuta ni 8:00, siyo 2:00. Anayeipanga kwa hesabu ya nyumbani huiweka nyuma kwa saa sita, na hilo laweza kutosha kukikataa cheti kilichofanywa upya leo alfajiri. Ni afadhali kuwasha mpangilio wa kupokea saa kutoka kwenye intaneti na kuacha kuigusa.

Ikiwa saa inarudi nyuma kila unapozima na kuchomoa umeme, tatizo liko kwenye betri ndogo ya mviringo, kama sarafu, iliyo kwenye ubao mkuu ndani ya kompyuta. Kazi yake ni kuitunza saa wakati hakuna umeme. Kwenye kompyuta za mezani mara nyingi ni aina ya CR2032, ambayo huuzwa hata kwa mafundi wa saa. Tunashangazwa na idadi ya watu wanaofutiwa kila kitu na kuwekewa Windows upya kwa ajili ya hiyo.

Saa iko sawa, onyo bado lipo

Angalia kama onyo linakuja kwenye tovuti moja tu au kwenye zote. Likiwa kwenye moja, na nyingine zinafunguka vizuri, yaelekea mwenye tovuti amesahau kukifanya upya cheti chake. Subiri, au mpigie simu. Usiweke nywila wala namba ya kadi hapo.

Likija kwenye tovuti zote ukiwa umejiunga na Wi-Fi ya hoteli, mkahawa au uwanja wa ndege, huenda mtandao huo unataka ujiandikishe kwanza na unakuvuta kwenye ukurasa wake. Fungua neverssl.com, ambayo haitumii muunganisho uliofichwa, na ukurasa wa kujiandikisha kwa kawaida utajitokeza. Usipojitokeza na onyo likaendelea, achana na mtandao huo utumie data ya simu yako.

Kompyuta na simu za zamani zina shida yao: orodha ya mamlaka zinazoaminika imepitwa na wakati. Tarehe 30 Septemba 2021 cheti cha msingi kilichokuwa kikiviunga mkono vyeti vya Let's Encrypt kiliisha muda, na vifaa vingi visivyosasishwa vikaanza kutoa maonyo ghafla ingawa mwenyewe hakugusa chochote. Kwa anayetumia Windows 7, Chrome iliacha kuihudumia mwaka 2023. Hapo kubadilisha mipangilio hakusaidii; kinachotakiwa ni mfumo mpya zaidi.

Onyo linapokuwa la kweli

Mwezi Agosti 2011 mtumiaji wa Gmail nchini Iran aliona onyo kama hili, akaamua kuuliza hadharani badala ya kulipita. Iligunduliwa kwamba wadukuzi walikuwa wameingia katika kampuni ya vyeti ya Uholanzi, DigiNotar, na kujitolea vyeti bandia, kimojawapo cha Google. Wachunguzi walikuta kwamba cheti hicho kilikuwa kimekutana na anwani za intaneti zipatazo 300,000, karibu zote za Iran. Vivinjari viliiondoa DigiNotar kwenye orodha zao, na mwezi uliofuata kampuni ikafilisika.

Kwa hiyo usikubali mtu akutatulie tatizo kwa kushusha ulinzi. Katika Chrome, chini ya mipangilio ya faragha na usalama, kuna viwango vitatu vya kuvinjari salama, na kile cha mwisho hakina ulinzi wowote, kisiguswe. Usikubali pia kuwekewa cheti usichokijua "ili tovuti zifunguke". Mwenye cheti cha namna hiyo, akiwa katikati ya njia yako, anaweza kusoma mazungumzo yako yote na kivinjari kisiseme neno. Baadhi ya tovuti, zikiwemo nyingi za benki, zimekiagiza kivinjari kisikupe kabisa kitufe cha kuendelea. Ukikikosa, hiyo si hitilafu.

Kinyume chake pia kina mtego. Ukurasa kufunguka bila onyo kunathibitisha tu kwamba hakuna anayesikiliza katikati. Hakusemi lolote kuhusu uaminifu wa aliye upande wa pili. Matapeli nao hupata vyeti, tena bure. Ni sababu mojawapo Google iliiondoa alama ya kufuli kwenye Chrome mwaka 2023, kwa kuwa watu waliisoma kama muhuri wa uaminifu. Kabla ya kuingiza nywila, soma jina la tovuti herufi kwa herufi, hasa sehemu iliyo kabla tu ya mkwaju wa kwanza unaofuata jina hilo: mwisho wake ndio unaotaja mwenye tovuti, hata kama mwanzoni limeandikwa jina la benki yako.