Mazingira ya Kijamii, Ubaguzi na Mwenendo wa Watu: Mfano wa Kigoma

Mazingira ya kijamii ni watu, sheria, kazi na majina ambayo mtu hukutana nayo kila siku, na ambayo humfundisha lipi litamfaa na lipi litamponza. Ubaguzi ni sehemu ya mazingira hayo: ni hukumu anayopewa mtu kwa sababu ya kundi analohesabiwa kuwamo, kabla hajasema wala kutenda. Mwanasaikolojia Kurt Lewin aliandika mwaka 1936 kwamba mwenendo hutokana na mtu pamoja na mazingira yake. Makala hii inatetea dai lililo karibu na hilo: kile ambacho majirani hukiita "tabia ya kabila fulani" au "tabia ya wakimbizi", kwa sehemu kubwa, ni jibu la watu kwa namna walivyopokewa. Ushahidi wake umejaa mkoani Kigoma, na Kidahwe ni mahali pazuri pa kuanzia. Hapo barabara itokayo Kigoma mjini hugawanyika. Tawi moja hupanda Kasulu, Kibondo na Kakonko, wilaya zilizobeba kambi za wakimbizi. Jingine huenda Uvinza na kuteremka kusini kuelekea makazi ya wakimbizi ya Mishamo na mji wa Mpanda. Watu waliokimbia nchi moja walifikia mjini, kambini na Mishamo, na kila mahali wakajifunza kuishi kwa namna yake.

Mwaka 1972 mauaji makubwa ya Wahutu nchini Burundi yaliwasukuma watu wengi kuvuka mpaka na kuingia Tanzania. Serikali iliwapeleka wengi wao katika makazi matatu: Ulyankulu mkoani Tabora, Katumba karibu na Mpanda, na baadaye Mishamo. Wengine walibaki Kigoma na Ujiji, wakitafuta riziki miongoni mwa wenyeji. Mwanaanthropolojia Liisa Malkki alifanya utafiti kwa makundi yote mawili katika miaka ya 1985 na 1986, akachapisha kitabu chake mwaka 1995. Mishamo, ambako jirani wa kila mtu alikuwa mkimbizi mwenzake na kutoka kulihitaji kibali, aliwakuta watu wakisimulia historia moja iliyoshikamana, wakijiona taifa lililo ugenini linalongoja kurudi kwao. Mjini mambo yalikuwa kinyume. Jina la mkimbizi lilimtia mtu mashakani, basi wengi waliliweka kando. Walioana na wenyeji, wakaishi kama majirani wengine, na mtu aliweza kujitambulisha kwa dini, kwa kazi au kwa mtaa wake kabla ya kutaja alikotoka. Waliotoka katika msiba mmoja, wakisema lugha moja, walikuwa na mienendo miwili.

Msomaji makini atapinga: huenda waliobaki mjini walikuwa watu wa aina nyingine tangu mwanzo, wepesi wa kujichanganya, na waliokwenda Mishamo walikuwa wa aina yao. Pingamizi hili lina uzito, kwa kuwa hakuna aliyewagawa watu hao kwa kura. Lakini kama tofauti ile ingekuwa ya kuzaliwa tu, msimamo wa makazini ungedumu hata mazingira yalipobadilika, nao haukudumu. Mwaka 2007 Tanzania, Burundi na Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi (UNHCR) zilianza mpango wa kuwapa wakazi wa makazi hayo matatu hiari ya kurudi Burundi au kuomba uraia. Takriban wanne katika kila watano walichagua uraia, na watu wapatao 162,000 walikubaliwa; vyeti vyao vilitolewa kuanzia mwaka 2014. Wengi walikuwa wamezaliwa Tanzania na walikuwa na mashamba na makaburi ya wazee wao hapa. Wakazi wa mahali palipokuwa ngome ya ndoto ya kurudi walichagua kubaki, mara kubaki kulipokuwa na heshima na haki.

Wahenga walisema, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Wakimbizi wa 1972 walipewa jembe kwa maana halisi: kila familia ilipata ardhi, na kufikia katikati ya miaka ya 1980 makazi yote matatu yalikuwa yamekabidhiwa kwa serikali, yakijitegemea kwa chakula. Waliokuja katika miaka ya 1990 walikuta upepo umegeuka. Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 1998 iliwataka waishi katika maeneo yaliyotengwa na kuomba kibali cha kutoka. Nyarugusu, kambi iliyofunguliwa wilayani Kasulu mwaka 1996 kwa ajili ya waliokimbia vita vya mashariki mwa Kongo, imeishi kwa mgao wa chakula. Warundi waliokimbia kuanzia mwaka 2015 walipokewa humo, kisha katika kambi za Nduta na Mtendeli. Husemwa kwamba watu wa kambini ni wategemezi, hawapendi kazi. Mfano wa wazee wa Katumba unaikanusha kauli hiyo, kwa kuwa nao walitoka Burundi mikono mitupu. Waliopewa jembe walionekana wakulima hodari, na waliopewa kadi ya mgao wakaonekana wavivu.

Wapo watakaojibu kwamba hofu ya wenyeji haikuzuka hewani. Ni kweli kwamba barabara za Kasulu na Kibondo zilipata kusumbuliwa na ujambazi wa silaha, na kwamba misitu iliyozunguka kambi ilikatwa kwa kuni. Vijiji vilivyobeba gharama hiyo vinastahili kusikilizwa. Kuogopa jambazi si ubaguzi. Ubaguzi huanza pale mama aliyekwenda kutafuta kuni anapotazamwa kama mshirika wa jambazi. Tena mtu aliyekatazwa kutoka, akitoka kutafuta kibarua cha kulima, amekwisha kuvunja sheria hata kabla ya kushika jembe la mwenye shamba. Atajificha, atakubali ujira mdogo, atasema uongo kuhusu kwao. Kisha kujificha kwake na uongo wake vitatajwa kuwa ushahidi kwamba watu wa namna yake si wa kuaminiwa. Hivyo ndivyo ubaguzi unavyojitengenezea mashahidi.

Pingamizi jingine husema ubaguzi ni wa asili, hauna dawa. Majaribio ya Henri Tajfel huko Bristol, yaliyochapishwa mwaka 1970, yalionyesha kwamba hata wavulana waliogawanywa kwa sababu isiyo na maana yoyote waliwapendelea wa kundi lao. Mwelekeo huo basi ni wa wanadamu wote, lakini mstari wa kutenganisha "sisi" na "wao" huchorwa na historia. Kiha, lugha ya Waha wa Kigoma, na Kirundi ni lugha zinazosikilizana. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, Burundi ilibaki chini ya Ubelgiji na Buha, nchi ya Waha, ikawa chini ya Uingereza. Mpaka huo ndio leo humfanya Muha aulizwe, mbali na kwao, kama kweli ni Mtanzania. Anayejua kwamba lafudhi yake itamletea maswali hujifunza kuificha. Waingereza walichota manamba Buha kwa ajili ya mashamba ya mkonge ya Tanga. Kodi ilidaiwa na njia za kupata fedha nyumbani zilikuwa chache, kwa hiyo vijana waliondoka. Ndipo Waha wakasemwa kuwa watu walioumbwa kwa kazi ngumu. Hitaji la kodi likageuzwa kuwa maumbile ya kabila.

Haya hayamwondolei mtu wajibu wake. Mazingira hayamlazimishi mtu kutenda. Huweka bei ya kila tendo, na wapo wanaolipa bei kubwa ili wabaki wakweli. Lakini jamii inayowapandishia wengine bei ya ukweli na ya kazi haiwezi kushangaa wanapopungua wanaoimudu. Anayetaka kujua tabia ya wageni wa Kigoma aanze kwa kuuliza siku ya tatu walipewa nini.