Orlando Antigua, kocha msaidizi aliyekaa karibu na Tshiebwe wetu

Mwaka 2022 mtoto wa Lubumbashi, Oscar Tshiebwe, alichaguliwa mchezaji bora wa basketi ya vyuo vikuu vya Marekani. Alichezea Chuo Kikuu cha Kentucky, na kila mechi alidaka kwa wastani mipira 15 iliyokosa kuingia kikapuni. Jina lake tunalijua, na la kocha mkuu wake, John Calipari, lilivuma. Kwenye benchi hilohilo alikaa kocha msaidizi, Orlando Antigua. Historia yake inatuhusu.

Antigua alikulia Bronx, New York, mtoto wa mama aliyetoka Jamhuri ya Dominika. Oktoba 1988, akiwa na miaka 15, alipigwa risasi karibu na jicho. Alipona, akarudi kiwanjani. Kuna wakati familia yake ilikosa hata nyumba ya kulala. Basketi ilimpeleka Chuo Kikuu cha Pittsburgh, na mwaka 1995 akaingia Harlem Globetrotters, timu inayozunguka dunia ikifanya maonyesho.

Baadaye akageukia ukocha. Kocha msaidizi ndiye anayesafiri kutafuta vijana, anaongea na wazazi, anatazama video za wapinzani, na anabaki uwanjani na mchezaji ambaye mpira wake hauingii. Timu ikishinda, anayepigwa picha ni kocha mkuu.

Antigua alianzia Pittsburgh. Mwaka 2008 alijiunga na Calipari huko Memphis, na 2009 wakahamia Kentucky pamoja. Mwaka 2012 Kentucky ikawa bingwa wa taifa. Mwaka 2014 alipewa timu yake mwenyewe, South Florida. Mambo hayakwenda vizuri, na Januari 2017 akaondolewa. Mwaka huohuo alikubali tena kiti cha msaidizi, huko Illinois. Mwaka 2021 akarudi Kentucky, ndipo akamkuta Tshiebwe. Mwaka 2024 akarudi Illinois.

Kwa nini tunaeleza haya? Hapa kwetu watoto wengi wamepoteza shule, kiwanja na kocha kwa siku moja. Tusiwadanganye kwamba wote watafika Marekani. Wanaofika ni wachache sana. Lakini mtoto aliyepigwa risasi na kukosa nyumba alipata watu wa kumfundisha, naye akawa mfundishaji wa watoto wa wengine.

Basi, kama Kadutu, Ibanda, Bagira au pale mlipopata hifadhi yupo kijana anayekusanya watoto kwa mpira mmoja, msimwite mtu asiye na kazi. Wazazi, muulizeni saa ya mazoezi na saa ya kurudi, mjue watoto wako wapi, kisha mwacheni afundishe. Huyo naye ni kocha, hata kama hakuna anayempiga picha.