Mungu Yupo, Mungu Yuko Wapi: Jina na Swali katika Bonde la Ruzizi

Msafiri ashukaye kutoka Bukavu kwenda Uvira hupita Kamanyola, na baada ya milima bonde la Ruzizi hufunguka mbele yake. Katika bonde hilo, katika nchi ya Bafuliiru, kimo kijiji cha Kiringye. Mtu akaaye huko anaweza kumsikia Mungu akitajwa kwa majina kadhaa katika muda wa siku moja: Rurema kwa Kifuliiru, Imana kwa Kirundi na Kinyarwanda, Nyamuzinda kwa Mshi aliyeshuka na bidhaa, na Mungu kwa Kiswahili, kanisani na sokoni. Akiendelea kusini, ng'ambo ya Uvira, atawakuta Babembe na jina lao, Abeca.

Swali la kwamba Mungu yupo au hayupo hufundishwa vyuoni kama mali ya Ulaya. Mwanafunzi husomeshwa njia tano za Toma wa Akwino, kisha Descartes, kisha wale waliokanusha. Ni masomo mazuri, lakini yanaacha jambo moja gizani, nalo ni namna swali hilo lilivyoulizwa hapa kandokando ya ziwa, na kwa maneno gani. Mtu huamini na kutilia shaka kwa maneno aliyo nayo, na maneno hayo yana historia ambayo tarehe zake kadhaa zinajulikana.

Neno Mungu halikuletwa ziwani na wamisionari. Burton na Speke walipofika Uvira mwaka 1858, walikuta wafanya biashara kutoka pwani wamekwisha kufika, na Uvira ikiwa mwisho wa njia yao upande wa kaskazini. Livingstone na Stanley, walipokwenda Novemba 1871 kutazama kama Ruzizi unaingia ziwani au unatoka, walipita katika nchi iliyokwisha kusikia Kiswahili. Kwa hiyo jina hilo lilifika mara ya kwanza katika vinywa vya Waislamu, likiwa tafsiri ya Allah. Lakini hata kwa Waislamu lilikuwa neno la Kibantu, ndugu wa Mulungu wa Wayao na wa makabila mengine mengi. Sauti ya l ilipotea katikati, na vitabu vya Kiswahili vya karne ya 19 bado vinaandika Muungu kwa u mbili. Wingi wake ni miungu, wala si waungu. Yaani umbo lake ni la ngeli ya mti na mto, ingawa vitenzi humfuata kama mtu: Mungu anajua, Mungu anaona. Sarufi yenyewe imeuacha mlango wazi, na haisemi kama neno hili hapo kale lilitaja nafsi au nguvu.

Mapadri Weupe walifika Ujiji mwaka 1879. Mwaka 1880 walifungua misioni ya Mulweba, katika nchi ya Masanze, na mwaka 1883 ile ya Kibanga, zote mbili katika pwani ya magharibi. Wengi wa wale waliokusanyika kwao walikuwa watoto waliokombolewa katika utumwa, waliotoka makabila mbalimbali, nao hawakuwa na lugha moja ya kwao. Kiswahili kikawa lugha ya katekisimu kwa sababu ya haja, na Mungu likawa jina la Mungu kwa sababu hiyohiyo. Wapentekoste wa Sweden walipoanza kazi Uvira mwaka 1921, Kiswahili kilikuwa kimekwisha kuwa njia ya kufikisha neno la dini.

Je, Mungu huyo wa katekisimu alikuwa Rurema? Swali hili si dogo. Rurema limetokana na kitenzi kurema, yaani kuumba, ambacho Kirundi na Kinyarwanda wanacho pia, na Wanyarwanda hulitumia kama jina la sifa la Imana. Mwenye kulitamka amekwisha kusema kwamba vitu vimeumbwa na kwamba yupo aliyeviumba. Hata hivyo wamisionari walikuwa na hofu ya majina ya wenyeji. Nchini Rwanda Kanisa Katoliki lilitumia neno Mungu kwa miaka mingi, likaliacha Imana, ilhali Waprotestanti walilichukua Imana mapema. Sababu mojawapo ilikuwa kwamba imana liliweza pia kutaja kitu cha ramli kilichotoa jibu jema. Hivyo wakulima wa milimani, waliokuwa na jina lao la zamani, walifundishwa kusali kwa jina la pwani, ambalo kwa asili yake halikuwa la Kikristo zaidi kuliko lile lao. Historia ina kejeli zake.

Kosa la upande wa pili nalo linajulikana. Okot p'Bitek, katika kitabu chake juu ya dini za Kiafrika na wanazuoni wa Magharibi, kilichotoka Nairobi mwanzoni mwa miaka ya 1970, anasimulia jinsi mapadri Waitalia walivyowauliza wazee wa Acholi ni nani aliyewaumba. Lugha haikuwa na kitenzi hicho, swali likageuka kuwa ni nani aliyewafinyanga, na wazee wakataja Rubanga, pepo avunjaye migongo ya watu. P'Bitek aliwashutumu pia wanazuoni Waafrika waliomvika Mungu wa mababu mavazi ya Kigiriki, wakimwita wa milele, mwenye kujua yote na mwenye kuweza yote. Shutuma yake ni kali kupita kiasi kwa nchi ambamo jina Rurema lipo, kwani hapa kitenzi cha kuumba hakikuazimwa. Lakini inafaa kama onyo: kuwa na jina la Muumba hakuthibitishi kwamba watu walifikiri juu yake kama Toma wa Akwino alivyofikiri.

Hata kuamini kuna historia yake. Kiswahili kina vitenzi viwili vya Kiarabu. Kuamini ni ndugu wa amani na amana, na ndani yake mna usalama wa mtu aliyemkabidhi mwenzake mali. Kusadiki, ambacho Wakatoliki wamekiweka mwanzoni mwa kanuni ya imani, kinahusu ukweli wa neno lililosemwa. Kirundi kinatumia kwemera, yaani kukubali, na mtoto aliyekubali kutumwa kisimani hutumia kitenzi hichohicho. Waprotestanti walipendelea kwizera, ambacho kina tumaini ndani yake. Katika vitenzi vyote hivi, maana ya kushika kwa akili hoja kwamba kitu fulani kipo haiko mbele. Ndiyo sababu Kardinali Lavigerie, alipowaamuru wamisionari wake kuwafundisha wakatekumeni kwa miaka minne kabla ya ubatizo, alikuwa akijaribu uaminifu wa watu kuliko kushinda hoja zao. Hakuna aliyefika Kibanga akisema kwamba hakuna Mungu. Kafiri ni mtu wa dini nyingine au asiye na dini ya msemaji, na mpagani vivyo hivyo. Mkana Mungu ni neno lililoundwa baadaye kwa ajili ya mtu ambaye wengi walimsikia vitabuni tu.

Na bado lipo jina Habimana. Hutafsiriwa kwa kawaida kuwa Mungu yupo, na tafsiri hiyo si mbaya. Ha- ya mwanzo ni kiambishi cha mahali, sawa na pa- ya Kiswahili. -Ba ni kuwa au kukaa. Tukilifuata neno kwa neno tunapata kitu kama pana Mungu. Kwa nini mzazi ampe mtoto wake jina lenye kuthibitisha jambo ambalo hakuna aliyelikanusha? Majina ya aina hii hutolewa mara nyingi katika mazingira ya msiba, ya ugomba au ya uadui wa majirani, na kwa hiyo Habimana hujibu kilio zaidi ya kujibu hoja. Kiswahili kinafanya vivyo hivyo: Mungu yupo, yuko, yumo, na kila umbo lina mahali ndani yake. Kiswahili cha kila siku cha Bukavu na Uvira kimezikusanya zote katika Mungu iko, jambo linalowaudhi walimu wa sarufi, lakini mahali hapajafutika. Katika lugha hizi kuwapo ni kuwa pahali fulani, na shaka nayo huuliza ni wapi.

Vita vya 1964 na 1965 vilileta mtihani wa aina nyingine. Wapiganaji wa Simba walioiteka Uvira Mei 1964 walitegemea dawa iliyosemwa kugeuza risasi kuwa maji. Dawa hiyo ilikuwa na masharti: mpiganaji asiogope, asimguse mwanamke, asichukue cha mtu. Aprili 1965 Che Guevara alivuka ziwa kutoka Kigoma, akafika Kibamba chini ya jina la Kiswahili, Tatu, na katika kumbukumbu zake aliandika kwa masikitiko juu ya dawa hiyo. Aliona kwamba haingeweza kushindwa kamwe, maana aliyekufa alihesabiwa kuwa ameogopa au amevunja sharti, na maiti haijitetei. Baada ya shambulio la Bendera kushindwa mwishoni mwa Juni, lawama zilimwangukia mganga, na dawa yenyewe ikabaki na heshima yake.

Alichokiona Che ni kweli, na hakihusu dawa tu. Mhubiri amwambiaye mgonjwa kwamba hakupona kwa kuwa imani yake ilipungua anatumia mantiki ileile. Imani iliyojengwa hivyo haiguswi na tukio lolote. Lakini haki yataka isemwe pia kwamba Che mwenyewe, alipoeleza kushindwa kwa mapinduzi, alilaumu nidhamu ya wapiganaji na viongozi waliokaa mbali na vita. Nadharia yake ya ukombozi alitoka nayo ikiwa nzima alipoondoka Novemba mwaka huo.

Tarehe 28 Novemba 1964, wakati wa vita hivyohivyo, mapadri Wasaveriani Luigi Carrara na Giovanni Didonè, bruda Vittorio Faccin na Abbé Albert Joubert, wa ukoo wa Kapteni Joubert aliyewalinda wamisionari wa ziwa, waliuawa Baraka na Fizi. Hawakuwa na kinga iliyoahidiwa. Kanisa liliwatangaza wenyeheri mjini Uvira tarehe 18 Agosti 2024, na kwa waumini kifo chao kilihesabiwa kuwa ushuhuda. Hapa tofauti na dawa inaonekana: imani hii haikuahidi kwamba risasi itageuka maji. Mwenye shaka atasema kwamba nayo pia imejiweka mahali pasipofikika, na hoja yake ina uzito.

Serikali ya Mobutu ilijaribu njia ya amri. Mwaka 1972 majina ya Kikristo yalipigwa marufuku, na mwishoni mwa 1974 somo la dini likaondolewa shuleni. Mwaka 1977 shule zikarudishwa kwa makanisa. Miaka hiyo haikuacha wakana Mungu wengi.

Katika Kiswahili shaka lina wingi wenye maana mbili. Mashaka ni kutokuwa na hakika, na mashaka ni taabu. Huenda ni maneno mawili ya Kiarabu, shakk na mashaqqa, yaliyokutana. Kwa msemaji yamekuwa moja. Usiku wa tarehe 6 Juni 2014, huko Mutarule, katika bonde hilohilo la Ruzizi, watu zaidi ya 30 waliuawa, wengi wao wakiwa wamekusanyika kwa ibada ya kanisa. Wafiwa wa usiku kama ule wakisema wana mashaka, msikilizaji hawezi kuamua ni maana ipi, na pengine wao pia hawaitenganishi. Swali lao, Mungu alikuwa wapi, lina kiulizi cha mahali kilekile ambacho Habimana hujaribu kukijibu.