Liwa: Ngoma ya Dubai Yenye Maneno Yetu

Anayekwenda leo Al Quoz, Dubai, kwenye maghala ya Alserkal Avenue palipokuwa na kiwanda cha marumaru, huenda akakuta jioni za masimulizi, mashairi na muziki wa ajabu ajabu. Wengi hudhani burudani hiyo imekuja na maghorofa. Sivyo. Kabla ya mafuta, kabla ya Falme za Kiarabu kuungana mwaka 1971, kando ya Khor Dubai, hori ya mji huo, watu walikesha wakizunguka ngoma, na baadhi ya maneno waliyoimba yalikuwa ya Kiswahili.

Ngoma hiyo ni liwa. Mpuliza zumari, ambayo wenyewe huiita surnai, ndiye anayeongoza. Wachezaji hufuata duara, mwendo ukianza polepole hadi kushika kasi. Kati ya ngoma zake imo msondo, ambayo mtu wa mwambao hahitaji kuelezwa, na kando yake hupigwa debe la bati.

Liwa haikuvuka bahari kwa hiari. Mwishoni mwa karne ya 19 lulu za Ghuba zilitafutwa hadi Bombay, Paris na New York, na wapiga mbizi wengi walikuwa Waafrika waliouzwa, au watoto wao. Kila kiangazi walizamia miezi minne hivi, na faida ikabaki kwa wenye majahazi. Kisha mdororo wa uchumi wa 1929 na lulu za kufugwa za Japani vikaivunja biashara. Miaka hiyo watumwa kadhaa walimwendea wakala wa Waingereza huko Sharjah kuomba hati za uhuru, na karani akaandika walikozaliwa na jinsi walivyochukuliwa. Masimulizi mazito kuliko hayo Dubai haijayapata.

Pamoja na liwa ipo ngoma ya nuban, yenye asili ya Nubia. Chombo chake kikuu ni tanbura, kinanda cha nyuzi sita. Mmoja wa wachezaji hufunga kiunoni manjur, kitambaa kilichoshonewa kwato za mbuzi. Akitikisa nyonga, kwato hulia kama mvua juu ya mabati. Hapo pana uganga pia, kwa kuwa wenye pepo huja kutibiwa. Aliyewahi kushuhudia ngoma za mapepo Unguja hatashangaa.

Mtafiti wa Kiimarati Aisha Bilkhair alichapisha mwaka 2006 makala kuhusu athari za Afrika katika utamaduni na muziki wa Dubai, kazi inayostahili kusomwa na kila Mswahili. Liwa bado huchezwa harusini, siku za Idi na kwenye maonyesho ya urithi. Ninachokihofia ni kwamba itabaki mchezo wa kutazamwa huku maneno yake yakipotea midomoni mwa waimbaji wasiojua maana.

Waliohamia Ghuba baada ya mapinduzi ya Zanzibar ya 1964, pamoja na vijana wetu wanaofanya kazi mtaa wa Deira, Dubai, wanaweza kuyatambua maneno hayo. Ukiisikia surnai, ndugu msomaji, sogea karibu, waulize wazee kwa adabu, uandike wanachokuambia.